Kitanda cha Mama Mkwe Kipo Chumba Namba Nne

Jumatatu, 8 Septemba

Firdausi anakuja Jumamosi! Mwanangu wa pekee. Mumewe, Abdulaziz, amepiga simu kutoka Morogoro kwamba tumbo limeshuka na anamleta mwenyewe. Mtoto wa kwanza huzaliwa kwa kina mama. Ndivyo tulivyokuta.

Zuwena, mke wangu, amekipaka chokaa chumba cha uani. Kinanukia. Kitupu. Kinangoja kitanda cha mama yake, marehemu Bibi Mwamini: kitanda cha besera, nguzo nne za kukerezwa, vioo vidogo vidogo ubao wa kichwani. Zuwena alizaliwa juu yake. Firdausi alipozaliwa, arobaini yote yeye na mama yake waliimaliza juu yake. Tulipohamia hapa Mkuza, Kibaha, tulikuwa wapangaji wa chumba kimoja, kikabaki kwao Mzenga, kwa shemeji yangu Seifu.

Kilibaki kwa mkataba! Niliuandika mwenyewe. Nilikuwa tarishi wa mahakama mpaka nilipostaafu, nimesikia kesi nyingi kuliko mahakimu, maana wao huhamishwa. Sasa nawaandikia watu wa mtaa barua na mikataba yao. Kifungu cha tatu: mtunzaji hataruhusiwa kuuza, kukodisha, kugawa wala kutoa zawadi. Saini yangu, ya Seifu, ya shahidi. Wengine huachiana vitu kwa mdomo tu. Nawasikitikia.

Nikampigia Seifu kumwambia kesho nakifuata. Akaniuliza hali ya hewa ya Kibaha. Nikamjibu ni jua. Akasema hata huko ni jua. Simu ikakatika.

Jumanne, 9 Septemba

Nimerudi kutoka Mzenga. Sina nguvu ya kuandika. Naandika.

Bodaboda, vumbi mpaka masikioni. Nyumba ya Seifu niliipita bila kuitambua. Ina bati jipya! Nikachungulia ndani. Pale palipokuwa na kitanda pana magunia ya mihogo mikavu.

Seifu akaniamkia shikamoo ndefu, akanipa kiti chenye mto, akaniangulia dafu. Ukikaribishwa hivyo na shemeji, jua mambo yameharibika. Nikamsomea kifungu cha tatu kwa sauti ya mahakamani. Akalia! Mtu mzima na ndevu zake. Akasema hakukilalia hata siku moja. Alikiogopa, kitanda cha mama, akawa analala chini pembeni yake. Masika makuti yakaoza, maji yakaingia, mchwa wakaanza mguu mmoja. Akaona bora kiende kingali kizima kuliko kimfie mikononi. Akakiuza kwa mfanyabiashara aliyepita na gari. Nyumba akaiezeka.

Nilitaka kukasirika zaidi. Dafu lilikuwa tamu, ikawa vigumu.

Nikaagiza aitwe shahidi, Mzee Kondo wa nyumba ya pili. Nikamuuliza kama anaikumbuka saini yake. Anaikumbuka sana. Siku kitanda kinauzwa, yeye alikuwa wapi? Alikuwa ameshika upande wa miguuni. Shahidi wangu ndiye aliyekipakia! Akajitetea kwamba aliombwa kuushuhudia mkataba, hakuombwa kuulinda.

Ila Mungu hamtupi mja wake. Kondo alimsikia yule mfanyabiashara akisema kitanda kinapelekwa Picha ya Ndege, kwenye gesti ya mzee mmoja anaitwa Anselmi. Hapo hapo jirani na kwangu!

Zuwena ameniuliza kitanda kiko wapi. Nimemwambia kinapigwa vanishi.

Jumatano, 10 Septemba

Nimekwenda na koti. Koti huwatisha watu.

Anselmi ni mnene, mcheshi, katoka Tabora zamani, yuko hapa tangu Picha ya Ndege ni pori. Nikamweleza kwa utaratibu kwamba ana mali iliyouzwa kinyume cha mkataba, na kwamba mwuzaji hawezi kumpa mtu kile ambacho si chake. Akasikiliza vizuri sana. Akaniagizia soda. Akasema yeye alinunua mchana kweupe, kwa pesa yake halali, na kitanda kile ndicho wateja wanachokiulizia. Kipo chumba namba nne. Wageni hupiga picha kwenye vile vioo.

Wageni! Picha! Kwenye kitanda cha Bibi Mwamini, aliyekuwa hapendi hata paka akipande!

Nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, Mama Margareth. Akausoma mkataba wote, akausifu mwandiko. Akasema haki huenda ninayo, lakini kuipata lazima nimshitaki Seifu kwanza. Je, niko tayari kumpeleka mahakamani kaka wa mke wangu, wiki ambayo mke wangu anapokea mjukuu? Akaongeza kwamba kesi husubiri, mtoto hasubiri.

Nikamwambia naliendea jibu.

Zuwena ameuliza vanishi. Haijakauka.

Alhamisi, 11 Septemba

Mpango wa leo ulikuwa mkamilifu. Nautaja ili wajukuu wangu wauone ukamilifu wake. Kitanda cha besera hakina misumari, kimeshikwa kwa vigingi. Napanga chumba namba nne. Nakifungua vipande vipande. Navitoa dirishani, navipakia, naondoka. Ufunguo narudisha kwa adabu.

Mchana nikaingia na mkoba: nyundo, bisibisi, kamba. Binti wa mapokezi akaniuliza niko peke yangu. Nikasema ndiyo, kwa sauti kubwa.

Kisha nikakiona. Kimefunikwa shuka la maua ya zambarau, lakini ni chenyewe. Kwenye nguzo ya kushoto yapo mapengo madogo, meno ya Firdausi alipokuwa anaota meno. Nikayapapasa. Nikakaa chini nikalia kidogo, nikakiambia kitanda pole na safari. Kisha nikaanza kazi.

Vigingi vikatoka vizuri. Nguzo zikalala. Nikafungua pazia. Nondo! Dirisha lina nondo! Mtu mwenye akili angeanza na dirisha. Nikiwa nimekumbatia ubao wa kichwani, Anselmi akabisha hodi kuuliza kama mto unanitosha. Nikamwambia anisubiri, navaa. Nikakiunga mbio mbio. Kigingi kimoja kikabaki mkononi, nikakitia mfukoni, nikafungua mlango. Anselmi akaja akaketi kitandani tupige soga.

Kikaanguka naye.

Alikaa pale kwenye rundo la mbao akanitazama, akautazama mkoba, akaitazama nyundo. Nilidhani ataita mgambo. Alinyoosha mkono tu, akaniomba kile kigingi. Tukakiunga pamoja, yeye akishika nguzo, mimi nikigonga. Hakusema neno baya. Afadhali angesema.

Nikatoka jasho linanivuja, vifungo vya shati vimepishana. Ng'ambo ya barabara, Saida, jirani yangu mwenye redio mdomoni, ananunua nyanya. Akaniamkia kwa furaha nisiyoipenda.

Ijumaa, 12 Septemba

Ninayoandika leo sijui kama ni aibu au ni neema.

Nimerudi kutoka msikitini, Zuwena kanitengea wali na kisamvu, akaketi mbele yangu bila kula. Akasema Saida kamwambia kwamba mumewe kaonekana akitoka gesti mchana.

Nikapima haraka. Mwanamke husamehewa, nimeona kesi nyingi. Kitanda cha marehemu mama mkwe hakisamehewi. Nikameza tonge, nikakiri. Nina mwanamke.

Akaniuliza anaitwa nani. Juliana, nikasema. Akauliza ni mtu wa wapi. Nikasema wa huko huko. Akauliza huyo Juliana anapika nini. Kisamvu kilikuwa mbele yangu, nikasema kisamvu. Akauliza ni mapenzi ya namna gani mtu kumwendea Juliana na nyundo na bisibisi, maana kaona mkoba wangu wa zana umerudi umechanganywa.

Zuwena akaanza kucheka. Alicheka mpaka kanga ikamdondoka begani, akagonga mkeka kwa kiganja, machozi yakamtoka. Nilifurahi na niliumia. Mwanamume hapendi mke wake asiamini hata kidogo kwamba anaweza kupata mwingine.

Kisha akajifuta machozi, akaniambia Baba Firdausi, najua kwamba kitanda kimeuzwa. Seifu alimpigia siku ile ile aliyokiuza, analia. Akamsamehe. Mimi hakuniambia kwa sababu alijua nitamwandikia ndugu yake barua ya madai, na angebaki katikati. Amekipaka chokaa kile chumba, amengoja, akijua hakuna kinachokuja. Alisema hakutaka kuninyang'anya ile safari ya kwenda kukitafuta.

Nikamwambia kipo. Nimekiona. Picha ya Ndege, chumba namba nne.

Akanishika mkono. Akauliza mara mbili kama meno ya Firdausi bado yapo kwenye nguzo. Nikasema yapo, nimeyagusa. Zuwena akajifunika uso. Miaka yote hii, na bado sijui niweke wapi mikono yangu mke wangu akilia. Nikaiweka mabegani mwake.

Baadaye akaniuliza huyo Anselmi ni kabila gani. Mnyamwezi wa Tabora, nikasema. Akasema basi ni mtani wetu. Alitaka kuendelea, nikamkatiza. Mtani! Mtani ana ruhusa ya kuchukua! Tangu enzi za babu zetu Mzaramo akichukua kitu cha Mnyamwezi, Mnyamwezi hucheka! Nikaondoka kwenda kutafuta karatasi.

Jumapili, 14 Septemba

Firdausi kafika jana, mzito, mzuri, miguu imevimba. Kalala kwenye godoro sakafuni, hakulalamika. Kaniambia baba, hata chini kuzuri. Nilitoka nje nikajifanya naangalia kuku. Hatuna kuku.

Leo nimekwenda kwa Anselmi kimtani. Kwa heshima zote za kisheria. Niliandaa Makubaliano ya Utani, nakala mbili. Kifungu cha kwanza: mtani wa kwanza (mimi) atakwapua kitanda. Kifungu cha pili: mtani wa pili (yeye) atacheka na hatadai. Kifungu cha tatu: kicheko hakitabatilishwa.

Anselmi aliusoma wote. Akaita wafanyakazi wake wausikie. Akasema amezikiwa ndugu na Wazaramo, ameozwa na Wazaramo, ameibiwa mpaka jogoo wa harusi na Wazaramo, lakini hajapata kuona mtani anayeomba ruhusa ya kuiba, tena kwa nakala mbili. Akasema utani hauandikwi. Ukiuandika umekuwa deni. Kisha akanivua kofia yangu ya kushonwa kwa mkono, akaivaa, akachukua na kalamu, akanisindikiza mpaka barabarani akiniimbia.

Na sikuweza kukasirika! Ningekasirika, ningekuwa nimevunja mila.

Nimerudi kichwa wazi. Zuwena hakucheka. Kaniuliza sasa nimemaliza? Nikasema nimemaliza. Akasema kesho ni zamu yake, mimi nitasimama getini, na mdomo wangu utakuwa umefungwa.

Jumatatu, 15 Septemba



Zuwena hakuwasalimu watu wa mapokezi. Alipita na kanga zake mbili, akafungua chumba namba nne, akavua ndala, akapanda kitandani, akajilaza chali, akajifunika gubigubi kuanzia kichwani. Kisha kwa sauti ambayo sijaisikia tangu ngoma za ujana wetu, akatangaza kwamba Mzaramo amekufa. Wanyamwezi wamemwua. Sasa wamzike hapa hapa gestini, au wamrudishe kwao na jeneza lake hili lenye vioo.

Nilivumilia getini kidogo. Kisha nikaingia, mdomo umefungwa.

Wageni walikuwa wametoka vyumbani. Anselmi alikuja na kofia yangu kichwani, uso umemchanua. Huu ndio utani anaoujua! Wakati wa msiba mtani hulala kaburini, haondoki mpaka akombolewe. Akaanza kumlilia maiti kwa matusi ya utani, kwamba Wazaramo hata kufa hawawezi bila ngoma. Akamkomboa kwa soda. Maiti ikakataa. Akamkomboa kwa kuku. Maiti ikasema kuku wa wapagazi ni miguu mitupu. Watu wakacheka, binti wa mapokezi akapiga vigelegele.

Kisha sauti chini ya kanga ikabadilika. Alikuwa anamtaja mama yake. Alisema mama alifia hapa, ubavu huu wa kulia, na yeye alizaliwa hapa hapa, na mwanawe yuko sakafuni Mkuza anangoja uchungu. Hakuwa anatania tena. Kila mtu alisikia.

Anselmi akavua kofia. Akauliza polepole kama ni kweli mama mtu alifia hapa. Nikaitikia kwa kichwa. Halafu akasema Wazaramo wametuita wapagazi tangu babu na babu, basi tangu babu na babu hakuna Mnyamwezi aliyewahi kuukataa mzigo. Akamwomba maiti ashuke. Akaunyanyua ubao wa kichwani mwenyewe, begani, akautoa nje.

Kirikuu, kigari cha mizigo, kilikuja. Zuwena hakutaka cha bure. Alimpa kitanda chetu, ninacholalia mimi, cha mninga, kiingie namba nne. Hakuniuliza. Anselmi akatangaza kwamba kinachotoka ni mahari: akizaliwa msichana ni mke wake, na asisikie mtu mwingine anamchumbia. Kofia amekataa kurudisha.

Tumekiunga chumba cha uani. Mguu ulioliwa na mchwa nimeuwekea kipande cha tofali. Firdausi akapanda, akajigeuza kwa shida, akaona nguzo ya kushoto. Akacheka akaweka meno yake pale pale, kupima. Mimi na mke wangu usiku huu ni mkeka.

Ijumaa, 19 Septemba

Msichana!!

Hospitali alfajiri, nyumbani jioni. Wote wazima. Ana nywele nyingi na hasira. Wamemwita Mwamini. Nilimpokea mikononi nikasahau hotuba niliyoiandaa.

Seifu kaja kutoka Mzenga na mkungu wa ndizi, akasimama mlangoni, haingii. Anakiogopa kile kitanda bado. Zuwena akamvuta kwa mkono, akamketisha ukingoni, akampakatisha mtoto. Akalia tena, huyu shemeji yangu. Safari hii na mimi.

Anselmi kaleta kuku kwa ajili ya mkewe. Miguu mitupu kweli.

Jumamosi, 27 Septemba

Nyumba imetulia. Mtoto ameshiba, Firdausi anaoga, mchana wa jua zuri. Zuwena amelala kidogo pembeni ya mjukuu wake, mkono mmoja kashika nguzo.

Kabla hajapitiwa na usingizi aliniambia jambo. Alisema tangu tuoane, mimi na yeye hatujawahi kukilalia kitanda hiki pamoja. Kilikuwa cha mama, kisha cha arobaini, kisha cha Seifu, kisha cha wageni. Firdausi akirudi kwa mumewe, tutakilalia sisi. Alisema anahesabu siku mgongoni, maana mkeka unamwumiza. Alisema hivyo akitabasamu, kama msichana niliyemposa kule Mzenga. Nikamwambia inshallah.

Sasa. Jana alikuja Saida kumwona mtoto. Akazunguka kitanda, akakishika kila pembe. Binti yake naye yu mbioni kujifungua, mtoto wa kwanza. Akasema mbele ya wanawake wote waliokuwepo kwamba Kibaha nzima hakuna anayejua mikataba kama Baba Firdausi. Mbele ya wote! Tukatoka barazani. Sikuweza kumnyima. Arobaini ya Firdausi ikiisha tu, kitanda kinakwenda kwa Saida, na kina mkataba mzito kuliko ule wa kwanza. Kifungu cha kutouza nimekipigia mistari miwili. Kachukua nakala yake, tayari kawaonyesha majirani.

Yangu ninayo hapa mfukoni mwa shati. Zuwena anajigeuza, mkono hauiachi nguzo.

Nitamwambia. Ila si leo, amelala vizuri mno.